Alama Tisini na Sita

Ofisini hakuna anayelijua jina lake la kuzaliwa. Wanamwita Bi Nukta, kwa kuwa siku ya kwanza alipoingia pale alibandua tangazo la mlango wa choo, akampelekea meneja na kumwambia halina nukta mwishoni. Kabla ya hapo alikuwa msoma prufu kwenye kiwanda cha uchapaji, miaka kumi na tisa, akiinamia karatasi hadi shingo ikasahau kunyooka. Kiwanda kilipofungwa, akachukuliwa na watu wa kompyuta wanaotengeneza programu ya kukokotoa dozi za watoto hospitalini. Kazi yake ikawa kuandika barua ya toleo. Kila programu ilipobadilishwa, wauguzi walipelekewa ukurasa mmoja wa kuwaambia kipi kipya, kipi kimerekebishwa na kipi cha kuangaliwa.

Kazi hiyo aliipenda, na nisimfiche, alijivuna nayo pia. Mdogo wake, wa tumbo moja, ni muuguzi katika wodi ya watoto inayotumia programu hiyohiyo, na kila barua aliiandika kama anayemwandikia yeye. Akikuta neno gumu alikwenda hadi mezani kwa fundi wa programu. "Hapa mdogo wangu ataachwa njiani," angesema, na fundi angekuna kichwa na kueleza upya.

Mwaka huu barua zikahamia kwa mashine. Akaletwa wakala wa akili mnemba, akapewa kile walichokiita ujuzi, yaani kurasa tatu za maelekezo ya kusoma kabla hajaandika: fungua daftari la mabadiliko la mafundi, chagua yanayomhusu muuguzi, yaeleze kwa lugha nyepesi. Bi Nukta hakufukuzwa. Alipewa kuupima ujuzi huo na kuutolea alama, na fomu ya kupimia akaletewa ikiwa tayari. Je, barua inasomeka? Ina mpangilio mzuri? Ni fupi? Inamwacha msomaji ametulia? Kila swali alama ishirini na tano.

Yapitie mwenyewe maswali hayo, uniambie ni lipi linalouliza kama barua imesema yote yaliyopaswa kusemwa. Hakuna. Na mtu aliyekula chumvi ya prufu miaka yote hiyo hakuliona pengo hilo, kwa sababu mashine ilikuwa inaandika vizuri, na yeye maandishi mazuri ndiyo ugonjwa wake.

Barua za kwanza zilipata sabini na moja. Zilikuwa ndefu, zimejaa takataka za mafundi, mambo waliyoyaandika daftarini kwa neno moja: usafi. Usafi ni kupanga mambo ya ndani ya programu ambayo muuguzi hayaoni wala hayamhusu. Bi Nukta akalalamika. Meneja akamwambia, "Si uongeze sheria wewe mwenyewe?" Akaongeza, kwa mkono wake, ukurasa wa pili: mabadiliko yaliyoandikwa usafi yaachwe. Alama zikapanda. Mashine nayo ikaanza kumalizia kila barua kwa sentensi moja tamu: "Huhitaji kubadilisha chochote katika utaratibu wako wa kazi." Akaipenda, akaipa ishirini na tano kamili za utulivu. Jumla ikawa tisini na sita. Meneja akapiga makofi, na barua hiyo ikatoka Jumatatu bila mtu kubadilisha neno.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mafundi wale wana desturi yao, na Bi Nukta aliijua fika: jambo lolote wanaloona haya kulieleza huliita usafi. Fundi akifuta kosa lake la mwezi jana, usafi. Akibadilisha kitu bila kumuuliza mtu, usafi. Enzi zake za kuandika alikuwa anasimama na kwenda kuuliza, "Usafi gani huu?" Mashine haina miguu ya kwenda kumuuliza mtu.

Alhamisi asubuhi, akisubiri barua nyingine ya kupima, alifungua daftari la mafundi kwa mazoea tu. Akasoma kuanzia huko kwenda kwenye barua ya Jumatatu, jambo ambalo fomu haikumtaka alifanye. Mstari wa tisa ulisema: usafi, sehemu ya uzito. Akainuka hadi kwa fundi wanayemwita Mpole.

"Baba, usafi gani huu wa uzito?"

"Ah, kitu kidogo tu, mama. Zamani ukiacha kisanduku cha uzito wazi, programu ilikuwa inagoma. Watu wakalalamika inawachelewesha. Sasa inachukua uzito wa mara ya mwisho, inaendelea."

"Inaendelea kimyakimya?"

"Hapana, kuna maandishi chini pale. Madogo."

"Madogo kiasi gani?"

Mpole akaitazama meza yake.

Bi Nukta akakumbuka wodini kwa mdogo wake. Mdogo wake alishamsimulia jinsi wanavyofanya kazi wodini: mtoto akipokelewa kabla hajapimwa, muuguzi wa mapokezi hukiacha kisanduku wazi makusudi, ili anayekuja kutoa dawa agomewe na mashine hadi mtoto apandishwe kwenye mizani. Hawaandiki popote wala hawaambiani. Kisanduku kitupu ndiyo salamu yao. Na mtoto anayerudi wodini ni mtoto aliyeugua, uzito wa mara ya mwisho si wake tena.

Meneja alimsikiliza akiwa amesimama. "Tusiwatie watu hofu, Bi Nukta. Tutatoa marekebisho kesho. Barua yenyewe ilipata tisini na sita."

"Nilizitoa mimi," akasema, na akatoka na simu yake hadi kwenye ngazi, akampigia mdogo wake.

"Shikamoo dada. Kwema?"

"Marahaba. Niambie, mashine imewagomea mara ngapi wiki hii? Kwenye uzito."

Mdogo wake akacheka. "Haijagoma hata mara moja! Tena tulikuwa tunasema hapa, zamu ya mapokezi imejirekebisha, watoto wote wanakuja wameshapimwa. Tukawasifia kweli. Kwani vipi?"

Akamweleza. Alieleza haraka, maneno yakigongana, yeye ambaye hutafuta neno moja nusu saa. Alipomaliza, alisikia upande wa pili gurudumu la kitoroli likilia mahali fulani.

"Barua yenu ilisema hatuhitaji kubadilisha chochote."

"Najua."

"Dada, kuna mmoja kitanda cha sita, wa degedege. Amerudi Jumanne amebaki mifupa mitupu. Kisanduku chake nilikiacha wazi mimi mwenyewe nikiwa mapokezi, mizani ilikuwa imechukuliwa chumba cha pili, nikajua atakayetoa dawa atampima." Akameza mate. "Tangu jana, alipopewa dawa, analala tu. Mama yake ananishukuru, anasema mwanawe hajawahi kupumzika hivi."

Bi Nukta alishika ukuta wa ngazi.

"Aliyeisoma ile barua kabla haijatoka ni nani?"

"Ni mimi, mdogo wangu."

Mdogo wake hakukata simu. Aliiweka tu juu ya kitu kigumu. Bi Nukta akasikia viatu vikikimbia kwenye sakafu, pazia likivutwa, kisha ile sauti anayoijua tangu utotoni ikimwambia mwanamke mwingine: "Mwamshe, mama. Mwamshe mtoto sasa hivi."