Sikio la Ndama

Kwetu Tarime, miaka ile ya hamsini nikiwa binti mdogo, mtu aliweza kumwachia rafiki yake ng'ombe amtunzie. Ng'ombe akifa, mtunzaji alimpelekea mwenyewe ngozi, na ngozi sharti iwe na masikio, maana alama ya mwenye mali hukatwa sikioni.

Rafiki wa baba kutoka ng'ambo ya Mto Mara alituachia ng'ombe mmoja. Akazaa ndama jike, mwekundu, mnene, naye pia mali ya rafiki, na baba akamtamani mno. Siku ndama wetu wa rangi hiyo hiyo alipokufa kwa ugonjwa, nilimkuta baba amechuchumaa juu ya mzoga, analikata sikio kwa alama ya rafiki yake. Yule ndama mzima wa rafiki alikwisha kumficha kwa ndugu yake huko Sirari. Akaniona. Akafuta kisu kwenye nyasi.

Rafiki yake alikuja kuiona ngozi, akalipapasa sikio kwa kidole.

"Rafiki, mbona kidonda hiki hakikupona hata kidogo?"

"Nilimkata jana yake tu, kabla hajafa," baba akajibu.

Rafiki hakuamini, akashtaki, na shahidi hakujitokeza. Wazee wa iritongo, baraza letu la kimila, wakaamua baba aape.

Baba alifurahi, nasema kweli! Mahakama ya chifu angeiogopa, kwa sababu ya jela. Kiapo hakina jela. Lakini kila mtoto wa Kikurya alijua kwamba kiapo cha uongo huua, wala hakianzi na aliyeapa. Kinaanza na watoto wake. Ndiyo maana sisi, pamoja na mama, tulitakiwa kusimama nyuma yake. Watu husema tamaa mbele, mauti nyuma. Siku ile nyuma tulikuwa sisi.

Mdogo wangu alikuwa mgongoni kwa mama, nami nilikuwa nikimchungulia kama bado anapumua. Nilitaka kupiga kelele kwamba nilimwona baba na kisu, lakini baba ni baba. Akasogea mbele ya wazee, akafungua mdomo.

Mama akanikamata mkono, akanivuta. Tukatoka nyuma yake mbele ya watu wote, tukaenda kukaa upande wa wanawake. Baba akageuka, akakuta hakuna mtu. Akafunga mdomo, akainamisha kichwa, na wazee wakaelewa.

Ndama alirudishwa kwa mwenyewe, na dume letu moja likaenda kuwa faini. Wanawake walimwambia mama kwamba tumepona, nami nilitaka sana kuamini. Lakini njia nzima nilitembea nikiutazama mgongo wa baba. Alijua vizuri kiapo kile kingeanza na nani, na alikuwa tayari kuapa.

Kiapo tulikiacha kule barazani. Baba tulirudi naye nyumbani.