Kopo la Nyati Melini

"Shemeji, wewe lori la vitunguu la Mang'ola tu linakutapisha, leo unataka meli?"

Ni mume wa dada yangu huyo, mbele ya watu, siku niliyoaga Karatu. Watu walicheka. La lori alisema kweli.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa mpishi wa hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mgeni mmoja, mtafiti, aliniuliza kama naweza kupika mahali penye baridi kuliko pale. Nikasema naweza. Sijui kama nilikuwa na hakika. Ndivyo nilivyojikuta kwenye meli ya kwenda kusini kabisa mwa dunia, kwenye kituo cha watafiti katikati ya barafu.

Nilitapika, ndiyo. Lakini nilipika pia, na hakuna aliyelala njaa.

Asubuhi moja ukungu ulifunika sitaha yote. Kwetu, ukienda kazini kwenye ukungu unagonga kopo njia nzima, nyati akusikie apishe. Anayeua watu ni yule aliyeshtushwa. Mkono wangu haukuniuliza. Nilitoka jikoni kumwaga maganda huku nikigonga kopo kwa kijiko, ngo, ngo, ngo! Mabaharia wakatoka mbio, mmoja na kiatu kimoja.

Mkuu wa kituo, ambaye tulisafiri naye, akamwambia nahodha, "Huyu amechanganyikiwa. Atarudi na meli hii hii."

"Bosi, sijachanganyikiwa. Nilikuwa nawaonya nyati."

"Nyati! Hapa?"

"Hata kwetu humwoni, bosi, mpaka umkanyage."

Nahodha alicheka. Mkuu hakucheka, na nisimwonee: melini, kugonga vile ni ishara ya hatari, na watu walitoka kwenye baridi ile bila makoti kwa sababu yangu. Kwa hilo niliomba radhi. Kurudi nilikataa.

"Mpishi mwingine huna," nilimwambia. "Na mimi sirudi Karatu kuchekwa na shemeji. Labda mnifunge kamba."

Mkuu akasema, "Kopo libaki melini."

Nikampa.

Tulipofika, ukungu ulikuwa umelala juu ya barafu, hata mgongo wa mkuu aliyenitangulia niliuona kwa shida. Nikashuka ngazi na mzigo wangu begani, bila kopo, nikikohoa kwa nguvu kila hatua, mpaka mlangoni mwa kituo.