Goti Lililonyamaza

Kuna dawa moja ambayo mpaka leo nikiishika mkono wangu unakuwa mzito. Ni magnesia, ile tunayowachoma wajawazito wenye kifafa cha mimba. Inaokoa watu. Nimeiona ikimtuliza mama aliyekuwa anarushwarushwa kitandani, povu mdomoni, mpaka akalala kama mtoto aliyeshiba. Lakini ikizidi mwilini haibishi hodi. Kwanza mguu unaacha kuruka goti likigongwa, halafu pumzi zinapungua, halafu mama anaacha kupumua huku ukidhani bado amelala. Chuoni tulifundishwa haya, tukayakariri, tukafaulu mtihani. Hofu yake nilikuja kuijua kazini, kwenye kituo cha afya milimani, mbali kidogo na Lushoto mjini, wakati wa masika.

Nilikuwa mgeni pale. Mimi nimekulia Magoma, kwenye joto, na baridi ya kule juu ilinifanya nivae sweta juu ya sare hata mchana. Asubuhi moja, ukungu ukiwa umejaa mpaka madirishani, pikipiki ilileta mwanamke kijana mwenye mimba yake ya kwanza. Mama mkwe wake alikuwa amemkumbatia kwa nyuma asianguke. Alitueleza kuwa mke wa mwanawe aliamka kichwa kinamuuma, akaenda hivyohivyo kuvuna kabichi, na huko shambani akaanza kusema anaona nyota. Miguu ilikuwa imevimba hata kandambili hazikuingia. Kabla sijamaliza kumpima presha, macho yalimgeuka, mwili ukakakamaa, akaanza kutikisika.

Mkunga kiongozi, mtu mzima ambaye sote tulimwita Mama, alikuja mbio. Tulimlaza mgonjwa ubavu, tukamwekea oksijeni, tukaandaa dozi ya kwanza. Mama aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kwa sauti jina la dawa, nguvu yake na tarehe ya kuisha. Nami nikasoma baada yake. Kila mmoja alipiga hesabu ya ujazo kivyake, kisha tukalinganisha. Sehemu ya dawa iliingia polepole kwenye mshipa, iliyobaki tukamchoma matakoni. Degedege likakoma. Tukamwekea mpira wa mkojo, presha ikapewa dawa yake, tukaita gari la wagonjwa limpeleke kwenye hospitali ambako angefanyiwa upasuaji.

Gari halikufika. Dereva alipiga simu kusema kilima kimeporomoka barabarani, wanakijiji wako pale na majembe, haipiti hata baiskeli.

Tukakaa kusubiri. Chumba cha pili kulikuwa na mama mwingine ambaye uchungu ulikuwa umemkolea, na mkunga mwingine hakuwepo. Mkunga kiongozi akaniambia, "Mimi naenda kule. Wewe usibanduke hapa. Saa ya dozi ya pili ikifika, usichome kwa sababu saa imefika. Pima goti, pima pumzi, tazama mkojo. Kimoja kikikataa, niite."

Nikabaki na mgonjwa na mama mkwe wake. Kila mara macho yangu yalikwenda kwenye mfuko wa mkojo uliokuwa unaning'inia kitandani. Mlikuwa na mkojo kidogo wa rangi ya chai kavu, na haukuwa unaongezeka. Dawa hii inatoka mwilini kwa njia ya mkojo. Figo zikigoma, ile ya asubuhi bado imo, na ukiongeza nyingine unairundika juu yake.

Saa ya dozi ilifika. Bomba la sindano lilikuwa tayari kwenye trei. Nikachukua kile kinyundo cha mpira, nikagonga chini ya goti la kulia. Mguu haukuruka. Nikagonga la kushoto. Kimya. Nikajiambia pengine nagonga mahali pasipo sahihi. Nikakaa kwenye kiti, nikagonga goti langu mwenyewe, mguu ukaruka. Nikarudi kwake. Hakuna kitu.

"Sista," mama mkwe aliniita, "mbona unampiga mgonjwa?"

"Simpigi, bibi. Naangalia kama dawa imemzidi."

"Ile sindano ndiyo iliyomtuliza. Unayo hapo, naiona. Unangoja aanze tena?"

Hicho hasa ndicho nilichokuwa nakiogopa. Nikichoma, naweza kumkatia pumzi kwa mkono wangu. Nisipochoma, na kifafa kikarudi, atafia mbele ya huyu bibi huku dawa iko kwenye trei, na mimi ndiye niliyeizuia. Nilitamani mtu mkubwa aingie aniamulie. Nilisikia sauti ya Mama ng'ambo ya ukuta ikimwambia yule mwingine asukume.

Nikaisogeza ile trei mbali. Nikaweka kiganja kifuani kwa mgonjwa, nikatazama saa, nikahesabu pumzi dakika nzima. Zilikuwa chache. Nikahesabu tena nikiomba niwe nimekosea. Zilikuwa zimepungua zaidi, na midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Mama!" Nilipiga ukelele ambao hata mimi ulinishtua.

Alitokea mlangoni na glavu zake. "Goti?"

"Hakuna."

"Mkojo?"

"Umesimama."

"Pumzi?"

Nikamwambia.

"Mpe kalsiamu. Trei ya dharura. Nisomee."

Kalsiamu ndiyo inayoikata nguvu magnesia ikizidi. Mle kwenye trei ya dharura vichupa vyote ni vya kioo, vyote vina maji meupe, na kwa mtu mwenye haraka vyote ni kimoja. Nilichukua kimoja nikasoma kwa sauti ndogo.

"Soma tena. Sijakusikia."

Nikasoma tena, neno kwa neno.

"Ndiyo yenyewe. Mshipani, polepole. Ukiikimbiza, moyo unaweza kusimama. Tazama saa, usitazame woga wako." Akakimbia kurudi, maana kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaonekana.

Nikamwambia bibi amshike mgonjwa kidevu, akiinue hivi, hewa ipite. Alinishikia bila kuuliza neno. Mikono yake ilikuwa bado na udongo wa shamba. Nikaanza kusukuma dawa, tone kwa tone. Kidole gumba kilitaka kwenda haraka, nami nikawa nakizuia. Kuna wakati kifua kilishuka na hakikupanda. Bibi akaacha dua aliyokuwa anaisoma, akaniuliza kwa Kishambaa kama ameshakufa. Nikamjibu kwa Kishambaa changu kibovu cha Magoma kwamba sijui, lakini sijamwachia.

Kifua kikapanda. Kikakawia, kikapanda tena. Kufikia mwisho wa ile dawa alikuwa anavuta pumzi ambazo hata bibi aliweza kuzisikia. Baadaye akafumbua macho, akaomba maji.

Sikufurahi. Kifafa kingeweza kurudi wakati wowote, na sasa sikuwa na uhuru wa kuichukua magnesia. Kila alipojigeuza nilidhani ndiyo kinaanza. Nilikaa hivyo mpaka alasiri, njia ilipofunguliwa na gari likafika. Nikapanda naye. Kwenye kila kona nilihesabu pumzi, na kote njiani nilirudiarudia kimoyomoyo nitakayoyasema: tulichompa, saa ngapi, dozi tuliyoizuia na kwa nini. Daktari aliyetupokea alinisikiliza hadi mwisho, akanirudishia yote kwa maneno yake kuhakikisha, kisha wakasukuma kitanda chake kwenda chumba cha upasuaji.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo mno, akalelewa kifuani kwa mama yake. Figo zilichukua siku kadhaa kurudi kazini. Wote wawili walitoka wazima.

Jioni ya siku ile, niliporudi kituoni, nilimuuliza mkunga kiongozi, tukiwa jikoni kwake na sahani za makande yaliyopoa, ingekuwaje kama ningechoma ile dozi ya pili.

"Unajua ingekuwaje," alisema.

"Wewe uliacha lini kuogopa?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jambo la kitoto. "Sijaacha. Siku nikiacha nitaomba wanihamishie mapokezi, nikaandike majina ya watu."

Akanisogezea chumvi. Nikanyunyizia, nikaanza kula.