Macho ya Ndege wa Riziki

Shuka lipo. Ukidhani niliota, njoo hapa Nyamianda uliguse, matundu ya sindano bado yanaonekana.

Sisi tunawashonea mabibi harusi mashuka yenye ndege wawili wanaotazamana. Macho huachwa mpaka mwisho, na mama wa bibi harusi huyashona kwa mkono wake. Mimi nashona tangu ujana. Sasa binti yangu Neema alipoposwa, shuka lake alimpa nani? Riziki, wifi yangu. Eti ndege wa shangazi wanaruka kweli, wa mama wamekaa kama kuku wa sokoni. Moyo uliniuma, na sikufichi, unaniuma hata sasa.

Riziki alishona midiria, wale ndege weusi kwa weupe wanaosimama hewani juu ya ziwa wakivizia samaki. Walikuwa wazuri mno, nikawachukia. Aliponiletea niwatie macho, sikutaka kushona mbele yake. Nikaenda ufukweni, jua likishuka nyuma ya milima.

Akaja mwanamke mrefu, kitenge cheusi kwa cheupe, miguu imelowa. Simjui. Akaliinamia shuka bila kupepesa.

"Hawa bandege, nani alibapatia mabawa?"

Wewe ungesema nini?

"Ni minye, mimi mwenyewe," nikajibu.

"Basi bapatie na macho. Banakungoja weye."

Nikashona. Amini usiamini, nilipokata uzi wa jicho la mwisho, shuka lilitetemeka magotini. Ndege wakainuka na nyuzi zao zote, wakasimama hewani kidogo, kisha wakaelekea majini. Nikamgeukia yule mwanamke. Hakuwepo, ila ndege wa tatu alikuwa akiwafuata.

Nilirudi na shuka tupu lenye vitundu vya umbo la mabawa. Nikamweleza Riziki yote. Siku ya harusi wageni wakaliinua dirishani, mwanga ukapita kwenye vitundu, na ndege wakaonekana. Wakasema Riziki amebuni mshono mpya. Sasa kila bibi harusi anautaka. Hata kilichopotea mikononi mwangu kimekuwa chake.

Wewe unayeshona, mgeni mwenye miguu iliyolowa akikuuliza kazi ni ya nani, mtaje aliyeishona. Mimi kila jioni nakaa pale ufukweni na ndege niliowashona mwenyewe. Nimewatia macho wote. Hajatikisika hata mmoja.