Nilisema Ni Mwendo, Kumbe Ni Spring Nilizokaza Mimi

Sitafuti wa kunihurumia. Nilichofanya ni kibaya, nimekificha mwaka wa pili sasa, na kinanila. Mtoto wa dada yangu amekufa kwa kazi ya mikono yangu, na lawama nikambebesha baba yake!

Mimi ni fundi magari hapa Karatu. Shemeji, mume wa dada, alinunua gari dogo kwa kijana mmoja wa Arusha. Lilikuwa na zile shokapu za kisharobaro, zenye vikombe vya kuzungusha kupandisha au kushusha gari, na ringi za kukaza spring. Kijana alikuwa amelishusha mpaka tumbo linakwangua mawe. Shemeji akaniletea. "Shem, lipandishe kidogo. Jumamosi nampeleka mtoto Buger akamwone bibi yake."

Njia sahihi naijua. Unazungusha kikombe cha chini cha shokapu, gari linapanda, spring huigusi. Lakini vikombe vilikuwa vimeshika kutu na matope. Vilitaka kufunguliwa, kulowekwa mafuta, kusubiriwa. Nikaona uvivu. Nikakaza tu ringi zinazokandamiza spring, nikakaza mpaka mwisho. Nikapima nafasi kati ya tairi na bodi, vidole vitatu kila upande. Safi!

Safi gani! Spring ikibanwa hivyo gari linakuwa gumu kama toroli. Tairi halishuki tena kufuata shimo, linaruka. Nililijaribu, nikasikia linavyodunda. Nikamwambia shemeji, "Litalainika lenyewe ukitembea." Mungu wangu, kwa nini nilisema vile!

Hawakufika Buger. Walikuwa wawili tu, baba na mwana. Kwenye mteremko wa vumbi wenye mawimbi gari likaruka, likaacha barabara, likalala korongoni. Shemeji alitoka na michubuko. Mtoto hakutoka. Alikuwa na miaka minne.

Niliitwa kulivuta gari. Kabla mkaguzi wa trafiki hajaja kuliangalia, nikalegeza zile ringi. Ndiyo, nililegeza!

Baada ya matanga familia zikakaa kikao. Dada alimlaumu mumewe kwa mwendo. Mume akaapa hakufika hata hamsini, kisha akanigeukia mbele ya watu wa pande zote mbili.

"Shem, wewe ndiye fundi. Waambie. Usukani ulikuwa mwepesi, gari limeruka lenyewe."

Kwenye kikao kama kile neno la kaka wa mke ni zito, na fundi nilikuwa mimi. Nikatazama chini nikasema, "Gari lilikuwa zima. Ni mwendo."

Hakubisha tena. Dada akarudi nyumbani kwetu na nguo zake. Shemeji akaanza kunywa, akawa anawaambia watu labda kweli alikimbiza. Aliniamini mimi kuliko alichokiona kwa macho yake! Halafu akaondoka Karatu, simu ikawa haipatikani.

Mwezi uliopita nilishindwa, nikamwambia dada kila kitu. Alikuwa anapepeta maharage. Hakulia. Aliweka ungo chini, akauliza, "Yeye umemwambia?"

"Bado."

"Basi kamtafute. Mpaka umwambie, mimi usiniite dada."

Nikasikia yuko Enguserosambu, anachunga ng'ombe za watu. Nikaenda. Mwenye boma akanitazama sana.

"Yule mtu wa Karatu? Homa ilimchukua kabla ya mvua. Tumemzika sisi, ndugu zake hatukuwajua. Alikuwa anasema ameua mtoto wake kwa kukimbiza gari. Ni kweli?"

Nikajibu, "Hapana. Si kweli." Ukweli ule ule alioniomba kwenye kikao, nimekuja kuusema kwa mtu asiyenijua, na kaburi liko pale nyuma ya zizi.

Dada nimempelekea habari. Alifunga mlango. Gereji nimeifunga na mimi, sina mkono wa kushika spana.

Mafundi wenzangu, kazi ikiwashinda semeni imewashinda, gari lilale hapo hata wiki. Na ukikosea, jamani, sema siku hiyo hiyo, wakati uliyemkosea bado anaweza kukusikia. Mimi nimebaki kuwaambia ninyi.