Nilimchora Ndege wa Mwingine Kwenye Mashine Yangu

Nilikosa. Nasema mapema ili msomaji asinitafutie visingizio; mwenyewe sina. Lakini kosa langu ni moja, si mawili, na hilo la pili nililobandikwa na watu wa mji wetu wa Oyugis nalikataa hadi leo!

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nilifungua karakana ndogo. Shule niliacha mapema. Ufundi nilijifunza kwa kufungua vitu vibovu na kusoma vitabu vya mitumba. Mashine ya kumenya karanga iliyovuma wakati huo ilitengenezwa na tajiri mmoja wa Kisumu, na ubavuni ilichorwa ndege mwekundu. Ila ilivunja karanga, na karanga iliyovunjika haifai kwa mbegu.

Mahali tajiri alipoweka chuma kitupu, mimi katika yangu nilifunga mpira wa tairi kuukuu. Karanga zikatoka nzima. Mpira huo niliubuni mimi!

Nikaipeleka sokoni. Min Akoth, mchuuzi wa karanga, akaizunguka kama anayechagua ng'ombe.

"Winyo iko wapi?" akauliza. Alimtaka yule ndege.

"Mama, hii ni bora kuliko ya ndege. Jaribu."

"Fundi, usinisomeshe. Bila winyo, hiyo ni mabati tu."

Wenzake wakacheka. Nikairudisha karakanani, nikachukua rangi nyekundu, nikamchora ndege. Nilijua ni alama ya mtu! Siku ya soko iliyofuata Min Akoth akanunua, akanisifu: "Sasa umeleta ya ukweli."

Mke wangu hakucheka. "Baba Achieng, mtoto ni wako lakini umempa jina la jirani. Usishangae akienda kula kwake."

Sikumsikia. Nilijiona nimejikinga: karakana ilikuwa na bima ya moto na wizi, na masharti yake nilikuwa nimeyasoma neno kwa neno.

Mashine zangu zikafika Migori, zikafika Kisegi. Kila aliyeona karanga nzima alimsifu ndege. Tajiri akasikia akisifiwa kwa kazi asiyoifanya. Akanunua moja, akaifungua. Mashine zake mpya zikatoka na mpira uleule, hata misumari imepigwa palepale!

Nilimfuata Kisumu nikiwa nawaka. Alinikaribisha kiti.

"Fundi, nani anajua mpira ni wako? Kila mashine yenye mpira ina ndege wangu. Wewe dai mpira, mimi nidai ndege. Tuone nani atachoka kortini."

Nikakimbilia kwa wakala wa bima.

"Umeibiwa nini? Nyundo?"

"Nimeibiwa ubunifu wangu."

"Huo hukuuandikisha, wala hukuukatia bima. Na akikushtaki kwa ajili ya ndege, hatukulipii. Bima hulipa moto uliokupata, fundi, si ule uliouwasha."

Nikawafuta ndege wote kwa petroli, mchana, mlango wazi. Hapo ndipo nilipobandikwa lile kosa la pili, waliopita wakisema: "Kumbe hata mashine alikuwa anaiga! Sasa ametoa winyo, amebaki na feki." Biashara ikalala.

Basi sikieni! Ndege nilimwiba, na mwenye ndege nilimwomba radhi. Mpira sikuuiga, na aliyeuchukua hajaniomba radhi. Wala karakana sikufunga. Nilikwenda Nairobi nikaandikisha alama yangu, kobe, na simchori kwa rangi. Nampiga kwa patasi ndani ya chuma.

Wewe unayetengeneza kitu, kiandikishe kwa jina lako kabla hakijaonja soko. Muulize mtu wa bima anachokinga, kisha umuulize asichokinga. Na usiazime jina la mtu ati wateja wanalipenda: utamjengea yeye nyumba kwa mikono yako!

Juzi Min Akoth alipita karakanani.

"Winyo ilienda wapi?"

"Iliruka, mama. Aliyeweka mpira bado yuko hapa."

Akatia karanga mwenyewe, akazungusha mkono wa mashine, akachambua kiganjani zilizotoka. Hakuna iliyovunjika.

"Haya," akasema bila kunitazama, "nifungie hii ya kobe."