Mkono Ulioacha Kuuma

Mume wangu alikuwa na mikono mizuri. Nasema bila haya, maana ndiyo niliyoipenda kwanza, kabla hata sijamtazama sawasawa usoni. Mimi nimetoka Kiwangwa, kwa watu wa mihogo, nikaolewa Dunda, Bagamoyo mjini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mamamkwe wangu hakuchoka kunikumbusha kwamba nimeletwa kutoka shamba. Mwanawe alikuwa fundi gereji. Kazi yake ilikuwa kung'arisha magari yaliyokwisha kupakwa rangi, kwa mashine ya umeme yenye manyoya ya kondoo yanayozunguka mbele. Mashine hiyo ndiyo iliyonilia mume wangu, kidogo kidogo, kuanzia vidoleni.

Mwezi wa Shaaban harusi huwa nyingi, kila mtu anataka kuiwahi Ramadhani, na kila bwana harusi anataka gari ambalo mtu akiliinamia anajiona meno. Mume wangu alirudi jioni moja, akakaa barazani, akaiweka mikono juu ya mapaja na kuitazama. Ilikuwa inatetemeka. Nikamwuliza ina nini.

"Inavuma," akasema. "Mashine nimeizima tangu alasiri, lakini mikono haijazimika."

Alicheka, nami nikacheka. Mwanetu wa kike, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, akamfuata kumvuta vidole.

Baadaye ikaja ganzi, na maumivu ya kuchoma usiku. Asubuhi moja vidole viwili vya mkono wa kulia viliamka vimepauka mpaka fundo la pili, na akashindwa kufunga vifungo vya kanzu ya Ijumaa. Nikamfungia mimi. Mamamkwe akasema hilo ni jicho la watu, akamwita mwalimu wa chuo cha Kurani, kombe likaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, likaoshwa, mume wangu akalinywa. Silidharau kombe, nami nimelinywa mara nyingi. Lakini kombe lilinywewa alfajiri, na saa mbili mashine ikawashwa kama kawaida.

Kisha maumivu yakakoma.

Kule gereji walikuwa na imani yao, sijui nani aliwafundisha. Walisema mkono unaouma ni mkono mchanga; ukiacha kuuma umekomaa, na mwenye nao sasa ni fundi kamili. Siku mume wangu alipowaambia hasikii kitu tena, walimnunulia halua na kahawa, wakampiga mabegani. Akarudi nyumbani na kipande cha halua kwenye gazeti, anaringa. Mamamkwe akapiga kigelegele palepale uani. Mimi nilikuwa nimepakua wali, unafuka moshi. Mume wangu akanawa, akazamisha vidole kwenye sinia, akafinya tonge, akala, huku anasimulia habari za gari la bwana harusi. Mimi na mamamkwe bado tulikuwa tunangoja wali upoe. Nikavitazama vidole vyake, vimekuwa vyekundu, na yeye wala hana habari. Niliogopa. Niliogopa kuliko ninavyoogopa nyoka, na watu wa Kiwangwa nyoka tunawajua.

"Mkono haukukomaa huo," nikamwambia. "Umekufa."

"Astaghfirullahi!" mamamkwe akaruka. "Mwanamke, ulimi wako huo utatuletea mkosi."

Kesho yake nilijitia kumpelekea chakula gereji ili nione kwa macho yangu. Nilimkuta ameibana mashine kwa mikono yote miwili, viwiko vimekakamaa, mishipa ya shingo imemtoka, anaigandamiza kwenye boneti kana kwamba akiiachia itakimbia. Manyoya yenyewe yalikuwa yameganda dawa ya kung'arishia mpaka yamekuwa magumu, na mashine inarukaruka. Nililijua kosa lile, maana ni kosa la kila msichana anayetwanga mara ya kwanza. Kwetu ukiukaza mchi, bibi anakuchapa mkono. Mchi unaushika unapopanda na kuulegeza unaposhuka. Uzito wake ndio unaotwanga makopa ya muhogo, si wewe.

Sikumwambia mbele ya wenzake. Nilimwambia nyumbani, naye akanicheka.

"Mashine si kinu, bibi wee. Hii ukiilegeza inakula rangi."

"Na ukiikaza inakula fundi."

Tukanuniana. Kilichomlainisha si maneno yangu, ni tasbihi. Jioni moja alikuwa akivuta uradi baada ya sala, nikamwona anazitazama punje kwa macho, moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Vidole havikuzijua tena. Akainua uso, akaniona namwangalia.

"Nifanye nini?" akauliza.

Nilikata mpira wa ndani wa baiskeli vipande virefu, tukavizungushia mishikio ya mashine, na chini yake tukatanguliza kanga kuukuu. Manyoya akawa anayaosha na kuyaanika kila jioni yasigande. Akajifunza kuishika mashine kwa mikono iliyolegea na kuacha uzito wake ufanye kazi, na kila akimaliza mlango mmoja anaizima, anafikicha viganja, anabadilisha mkono wa mbele. Wenzake walimwita mtwangaji. Waache waseme. Jioni mikono iliacha kutetemeka, uchovu ukapungua, akawa anarudi na nguvu hata za kunitekea maji. Nilifurahi mno. Nilidhani tumeuwahi ule mkono.

Masika yalipoingia, mtoto akaamka analialia. Nilikuwa uani nakuna nazi, nikamwomba baba yake amguse aone kama ana homa. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo kitambo.

"Hana," akasema. "Yuko baridi kabisa."

Nikaendelea kukuna nazi. Kilio kikawa chembamba, kikakatika, na kule kunyamaza ndiko kulikoniinua. Nilipomnyakua mtoto alikuwa wa moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, macho yamepinduka. Nilipiga yowe. Mume wangu alikuwa bado amechuchumaa palepale, mkono hewani, anautazama.

Tulikimbia naye hospitali, tukakaa huko mpaka homa ikashuka. Mungu alituachia mwanetu. Tulipotoka, mikono yangu ilikuwa imechoka kwa kumbeba, nikamnyooshea baba yake mtoto ampokee. Alirudi nyuma hatua moja, akaficha mikono yake mgongoni.

"Mbebe wewe," akasema. "Mimi nitambana, na sitajua."